Mkaa mbadala unaotokana na makaa ya mawe: maharage safi, chai ya fasta sahau

Wadau, huu mkaa mbadala, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe badala ya miti, nauona unaulizwa sana huku kwetu Mbagala, mi nautumia, acha niseme ukweli. Mfuko nilichukua Rangi Tatu, hauna hata jina la kiwanda, muuzaji anasema mali ya Songwe, machimbo ya Kiwira.

Kuwasha ndo mtihani. Usiende na kiberiti na kipande cha nailoni kama ulivyozoea, tanguliza vifuu au mkaa wa miti uliokolea, jiko liwe nje kabisa, halafu tulia maana moshi wa mwanzo ni mzito na harufu yake inakereketa koo, majirani watakuuliza unachoma nini. Ila ukishakolea aisee! Maharage, makande, supu ya kongoro, unabandika na kwenda kufua, unarudi moto bado umekaza na hujaongeza hata kipande. Chapati niliunguza, moto wake haupungui ukitaka upungue. Chai ya asubuhi ndo usijaribu, utachelewa kazini.

Kitu cha kuzingatia kuliko vyote: usiuingize ndani. Watu wanaona moshi umekata wanajua salama, wanabeba jiko mpaka chumbani kisa mvua, kumbe kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, unalala nayo huamki. Mkaa wa miti nao ni hivyohivyo, msidanganyane.

Kinachonichekesha, makaa ya mawe tumeahidiwa umeme miaka na miaka, Mchuchuma kule Ludewa mradi ni wa megawati 600, mpaka tumezoea kuusikia kwenye taarifa ya habari. Sisi wa Dar taa zinawaka kwa mitambo ya gesi ya Kinyerezi na maji ya bwawa la Nyerere, lenyewe megawati 2,115, makaa yenyewe yanaenda viwanda vya saruji na mengine ndo haya yamekuja kuivisha maharage Mbagala. Sawa tu, kuliko kumaliza miti ya watu.

Majivu ni mengi, andaa ndoo.

Mama ntilie mwenye banda la wazi naupa 9 kwa 10, chukua tu. Familia yenye uwanja 7. Bachela wa chumba kimoja nunua mtungi wa gesi wa kilo 6, huu haukuhusu.