hEX ya MikroTik: kiboksi cheupe kisicho na antena

Nilipofungua mzigo nilidhani nimepigwa. Nilikuwa nimeagiza ruta ya MikroTik, hEX RB750Gr3, kutoka duka moja la Arusha, laki moja na tisini na nauli ya basi juu yake. Kilichotoka ni kiboksi cheupe kinachoenea kiganjani, matundu matano ya kebo, adapta, basi. Antena hakuna. Nikampigia dogo anayetufungia mitambo.

"Shikamoo mzee. Hicho hakina waifai kabisa, ndivyo kilivyo. Usikirudishe, nakuja."

Tuna gesti ya vyumba 14 hapa Moshi, na wageni wetu wengi ni wa mlimani. Wakishuka Kilimanjaro wana siku sita hawajaona mtandao wa maana, kwa hiyo jioni wote wanajipanga barazani na bia zao, wanarusha picha na video makwao. Mmoja tu akianza kupandisha video, mimi mapokezi siwezi hata kufungua barua pepe. Ruta tuliyokuwa nayo ilikuwa na neno la siri moja kwa watu wote, na hadi bodaboda wa kijiweni walikuwa wanalijua.

Dogo alikaa saa tatu. Faiba ikaingia tundu la kwanza la hEX, ile ruta ya zamani ikabakiziwa kazi moja tu, kurusha waifai. Sasa kila simu inakatiwa megabiti 4 kwa sekunde, haipati zaidi hata mwenyewe alie. Mgeni akiunganisha anakutana na ukurasa wenye jina la gesti yetu, anaandika namba iliyo kwenye kikaratasi alichopewa pamoja na ufunguo wa chumba. Akiondoka, namba inakufa. Leseni iliyokuja na kifaa inaruhusu watu 200 kwa mpigo kupitia ukurasa huo. Sisi tukifurika ni 30. Bodaboda walininunia wiki nzima.

Watengenezaji wako Riga, Latvia, nchi ambayo watu wake hawafiki milioni mbili. Walianza 1996, na mwanzoni walikuwa wanauza programu ya kugeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta. Vifaa vyao wenyewe walianza kuvitoa 2002. Ukikaa na hiki kifaa unaliona hilo. Unachonunua hasa ni programu, RouterOS, na ni ile ile iliyomo kwenye mitambo yao mikubwa inayofungwa kwa watoa huduma za intaneti. Ndiyo raha yake, na ndiyo adha yake. Ruta za kawaida zinakuuliza jina la waifai na neno la siri, umemaliza. Hii inakufungulia menyu ndefu kama orodha ya mahari.

Lakini kilichonikuna zaidi ni umeme. Chini ya kiboksi pameandikwa kinapokea volti 8 hadi 30. Dogo alisoma, akacheka, akachukua waya kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12 inayowasha taa za korido na kuuchomeka moja kwa moja. Inverta haihitajiki. Kifaa chenyewe kinakula wati 5 hivi. Boksi la faiba nalo ni la volti 12, likapelekwa huko huko. Siku hizi umeme ukikatika, wageni wanajua kwa sababu feni imesimama.

Jumapili moja nikajifanya fundi. Nilitaka kumzuia mgeni mmoja, nikaandika sheria ya kuzuia, nikasahau kutaja anwani yake. Kwa hiyo nikazuia dunia nzima, nikiwemo mimi. Kwa muda wa saa mbili gesti haina mtandao na dogo yuko kanisani. Alipotoka aliniambia nifungue Winbox, programu yao ya kuisimamia ruta kwenye kompyuta, nisiguse namba ya IP, ambayo ndiyo sheria yangu iliyoifungia, nibofye ile anwani ya MAC, yaani namba ya kiwandani ya kifaa chenyewe. Ikaingia! Halafu akanionyesha kitufe cha Safe Mode: ukikiwasha kabla ya kuchezea kitu, ukijifungia nje mabadiliko yanajifuta yenyewe. Kipo pale juu kabisa, nilikuwa nakiona kila siku.

Jambo jingine, usikifunge ukakisahau. Mwaka 2018 Winbox ilikutwa na tundu la usalama. Kampuni ilitoa dawa Aprili, ila ambao hawakusasisha waliingiliwa. Kufikia Agosti ruta kwa maelfu, nyingi za Brazil, zilikuwa zinapachika kwenye kurasa za watu programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Mimi nasasisha kila mwanzo wa mwezi, alfajiri, wageni wakiwa wamelala.

Kama nyumbani mko wanne na mnataka YouTube tu, tafuteni yenye antena. Kama una gesti, baa au ofisi ndogo, nunua, ila tenga na hela ya fundi. Wangu alichukua elfu sitini.

Nakipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya ile Jumapili, ingawa dogo anasema ningejikata mimi.