Betri za vepu nilizouziwa Kariakoo: nukta nne kwenye kitako

"Betri ni betri." Hayo ndiyo majibu niliyopewa kaunta, na mpaka leo yananichoma.

Nilikuwa nimerudisha betri mbili za kuchaji za 18650, za kuweka kwenye kifaa cha vepu, yaani sigara ya umeme. Zina ganda la zambarau lenye maandishi ya dhahabu: mAh 3,500 (umeme inaobeba), ampea 40 (umeme inaoweza kutoa kwa mkupuo). Nikamwambia kijana kwa adabu, "Kaka, hizi si mpya, naomba uangalie hapa chini." Hata hakuzishika. "Bosi, zinawaka haziwaki?" Zinawaka. "Sasa? Betri ni betri. Ukitaka za Ulaya zifuate Ulaya." Akageukia mteja mwingine aliyetaka waya wa simu.

Duka silitaji. Bidhaa naieleza yote, kwa sababu ganda hilihili linaweza kuwa kwenye kaunta nyingine kumi.

Hapo chini nilipomwomba aangalie ni kwenye ncha hasi. Betri ya 18650 ni kopo la chuma lenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, na kitako cha kopo ndiyo hasi yenyewe, kiko wazi katikati ya ganda la plastiki. Kwenye betri mpya kitako ni laini na kinang'aa, labda na mstari mmojammoja wa majaribio ya kiwandani. Kwenye hizi kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama kitu kilichopitishwa msasa, na katikati nukta nne zimekaa mbilimbili, zimedidimia kidogo, rangi ya kijivu cha kuungua. Ukipitisha ukucha unazihisi. Washa tochi ya simu kwa upande, si kutoka juu, na vuta kamera karibu: zinaonekana kama vidonda vya ndui.

Hizo ni alama za kuchomelea. Ndani ya pakiti ya laptopu betri huunganishwa kwa ukanda wa nikeli, na mashine inayoushika ukanda hupiga nukta mbilimbili. Pakiti ikifa, mtu anaipasua, anabandua ukanda, anasaga mabaki, anavika ganda jipya na kulipuliza kwa hewa ya moto mpaka libane. Dakika tano. Betri iliyomaliza kazi yake kwenye laptopu ya ofisi inarudi dukani ikiwa na jina jipya na ampea 40.

Na hapa ndipo ushauri tuliouzoea unapokwama. Wote tunaambiana tupime uzito, maana feki za kujazwa unga au zenye kibetri kidogo ndani huwa nyepesi sana, chini ya gramu 35, wakati ya kweli hucheza kati ya 44 na 48. Hizi zilipita. Mizani ya jikoni ilisoma 45 na 45. Kopo ni la kweli, kiwanda ni cha kweli. Kilicho cha uongo ni umri na kazi iliyoandikwa juu yake.

Maandishi yenyewe yalitosha kuwashtaki. Kwenye 18650 uwezo na nguvu hugombania nafasi ileile: ukitaka mAh nyingi unapunguza ampea, ukitaka ampea nyingi unapunguza mAh. Samsung 35E ina mAh 3,500 lakini ampea zake za mfululizo, zile inazotoa bila kupumzika, ni 8 tu. Samsung 25R ina 2,500 na inatoa 20. LG HG2 ni 3,000 kwa 20. Murata VTC6, ile ya zamani ya Sony, ni 3,000 kwa 15. Molicel P28A ni 2,800. Kiwanda kinaandika ampea 35, ila kwa vepu ihesabu 25, ndivyo wapimaji wa kujitegemea wanavyoishusha. Sasa weka pembeni yake ganda linalodai 3,500 na 40 kwa pamoja. Wanapata wapi? Mara nyingi ile namba kubwa ni ya mpigo wa sekunde chache, nao wanaiandika bila kusema. Namba ya kutafuta ni ya mfululizo. Na ukiona 18650 ya mAh 6,000 au 9,900, irudishe hapohapo.

Nilizipima kwenye chaja inayopima. Kutoka volti 4.2 mpaka kuisha, moja ilitoa mAh 1,640 na nyingine 1,490. Ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri inavyozuia umeme wake yenyewe, ulisoma miliomu 90 na zaidi kidogo, wakati betri nzuri ya vepu huwa kati ya 15 na 30. Namba hii ya pili ndiyo inayonitia hasira kuliko uwezo. Uwezo mdogo ni hasara ya pesa. Ukinzani mkubwa ni moto.

Fuata hesabu hii, ni fupi. Kifaa chenye kudhibiti umeme, cha betri moja, ukikiweka wati 40: gawanya 40 kwa 3.2, volti ambayo vifaa vingi hukatia, kisha gawanya kwa 0.9 kwa sababu ya umeme unaopotea njiani. Unapata karibu ampea 14. Ampea 14 zikipita kwenye miliomu 90, volti 1.26 zinaanguka ndani ya betri yenyewe. Ndiyo maana kifaa kilikuwa kinaandika "betri dhaifu" wakati ikitulia inasoma 4.1: ukivuta tu inaporomoka mpaka 2.8. Na joto? Ampea mara ampea mara ukinzani: wati 17 na ushee zinabaki ndani ya kile kikopo, mkononi, kila ukivuta. Betri ya miliomu 20 kwenye kazi hiyohiyo inabaki na wati 4. Chuma cha kifaa kilikuwa kinapata moto upande wa betri, si upande wa koili, ule waya unaopasha maji ya vepu. Ukiona hivyo acha kuvuta, toa betri, iweke juu ya sakafu ya saruji.

Ndani ya kopo kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi. Joto likizidi unasinyaa na kuyeyuka, pande mbili zinagusana, shoti inatokea ndani, joto linazaa joto, gesi inatafuta pa kutokea. Kifaa chenye matundu kinaitoa. Bomba lililofungwa linageuka kombora. Marekani watu wawili walikufa hivyo, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019, vifaa vya vepu vikiwapasukia usoni na shingoni. Halafu mtu ananiambia betri ni betri.

Nikipoa kidogo, naweza kusema maneno ya haki juu ya bidhaa hii. Kwa tochi ndogo inayokula ampea 1, au redio ya kuchaji, betri ya mAh 1,500 iliyotolewa kwenye laptopu bado ina maisha, na mafundi wengi wanazitumia kwa uaminifu wakisema wazi kuwa ni used. Bei yao ilikuwa ndogo. Wangeandika "za laptopu, za tochi" ningewapa nyota tatu na nisingesema neno. Walinipa pia kasha la plastiki la kubebea, na kasha ni zuri, nalitumia. Kwa hiyo nilitaka kuweka nyota mbili.

Hapana. Kasha haliwezi kuwaokoa. Nilipoagiza nilisema ni za vepu, wakajibu "hizi ndizo zenyewe". Waliuza kitu cha tochi kwa mtu anayekiweka sentimita chache kutoka kwenye meno yake, wakijua. Nyota moja.

Ganda nalo ni kesi nyingine. Mwili mzima wa betri ni hasi, mpaka kwenye bega linalozunguka kitufe cha chanya. Kati ya chanya na bega hilo kuna milimita moja au mbili tu, zinalindwa na pete ya karatasi au plastiki na ule ukingo wa ganda. Kwenye moja ya betri hizi, pete haikuwepo kabisa. Aliyevika ganda aliitupa pamoja na ukanda. Ukiweka betri kama hiyo kwenye kifaa chenye kifuniko kinachobana juu, au kwenye mfuko wenye funguo na sarafu, shoti ni suala la muda. Betri yoyote, hata iwe halisi ya gharama, ganda likichanika juu usiitumie mpaka livaliwe upya pamoja na pete mpya. Kazi hiyo fundi anayejua anaifanya kwa pesa kidogo. Usibandike gundi ya karatasi.

Kwa wanaotumia kifaa kisicho na ubongo, kile cha bomba tupu, hapo hakuna kitu cha kukukatia umeme. Hesabu yake ni volti 4.2 gawanya kwa ukinzani wa koili. Koili ya omu 0.25 inavuta ampea 16.8, ya 0.15 inavuta 28. Hiyo ya pili hakuna 18650 ninayoiamini kuibeba kwa usalama. Na kama kichwa cha kifaa chako, kile chenye koili, ni cha kugusana moja kwa moja na betri, hakikisha pini ya katikati imechomoza kwa macho. Isipochomoza, uzi wa nje wa kichwa, ambao ni upande wa hasi, unagusa chanya ya betri, na hapo betri nzuri au mbaya zote ni sawa. Asiyejua kupima koili kwa mita asiguse kifaa hiki.

Vifaa vya betri mbili vinagawana mzigo, wati 80 zinakuwa 40 kwa kila moja, ila betri hizo lazima zifunge ndoa: aina moja, siku moja ya kununuliwa, zinachajiwa pamoja, zinatumika pamoja, zinabadilishana nafasi. Hizi zangu zilitofautiana mAh 150 tangu siku ya kwanza. Ya dhaifu ingekauka mapema na mwenzake kuendelea kuilazimisha.

Kuchaji: chaja ya nje, kila nafasi ijitegemee, ampea 1 au nusu yake, juu ya kigae au bati, na wewe uko macho. Isizidi 4.2. Ikishuka chini ya 2.5 usijaribu kuifufua. Ya kuweka akiba iache kwenye 3.6 au 3.7, na usiiache ndani ya gari juani. Dashibodi ya Dar mchana inatosha kuizeesha.

Kuna jambo moja la haki ambalo wauzaji hawapendi lisemwe: Samsung, LG na Murata wenyewe wanasema betri zao mojamoja hazikukusudiwa kuuzwa kwa mtu binafsi wala kuwekwa kwenye vepu. Ukizitumia, ulinzi ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo muuzaji anayekaa katikati ana deni kubwa zaidi la ukweli. Muulize imetoka wapi. Omba kuiona kitako kabla ya kulipa, si baada. Akikataa kukufungulia, ondoka.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nimefikiria tena kuhusu ile pete iliyotupwa, na nimeifuta hata hiyo.

Aliyenunua zambarau hizi zenye dhahabu, usisubiri kesho. Zitoe kwenye kifaa, tazama kitako kwa mwanga wa upande. Ukiona mikwaruzo ya duara, au nukta mbilimbili, au kipande cha nikeli kilichobaki kama magamba, funika ncha zote mbili kwa utepe wa umeme na uziweke kwenye bati mbali na pazia. Usizitupe kwenye takataka za kawaida. Zikibanwa kwenye gari la taka zinawaka. Mpelekee fundi wa betri za laptopu anayezipokea, na umwambie zimetoka wapi, asije akazivika ganda tena.