Biblia ya zipu kwa kusoma kila siku Tanga: inafaa, ukijua unachonunua

Kwa anayetaka Biblia ya kusoma kila asubuhi, si ya kupamba kabati, chaguo letu ni Union Version ya zipu, saizi ya kati, yenye marejeo na itifaki fupi mwishoni, yaani orodha ya maneno na mistari yanakopatikana. Tafsiri hii ya 1952 ndiyo inayosomwa katika ibada nyingi za Kianglikana, Kilutheri na Kipentekoste. Mstari uliokutia moyo nyumbani alfajiri utausikia kanisani kwa maneno yale yale, na ukisikika mara nyingi unakaa. Siku ya msiba au ya kuachishwa kazi, wachache hupata nguvu ya kufungua kitabu. Kinachomshika mtu siku hiyo ni kile alichokwisha kukihifadhi moyoni.

Ile ndogo ya mfukoni inavutia, lakini umeme ukikatika herufi zake hazisomeki kwa taa ya sola, na baada ya muda inaachwa. Ile kubwa haitoki mezani. Ya kati inaingia kwenye mkoba na inakaa vizuri mapajani ndani ya daladala ya Raskazone.

Zipu inastahili kuangaliwa sana, maana hewa yetu ni ya bahari. Zipu ya chuma hushika kutu, hasa kwenye kona mbili za jalada ambako kishikizo hupinda. Mtu akivuta kwa nguvu, kitambaa cha zipu kinang'oka kwenye jalada na fundi cherehani hawezi kukirudisha bila kutoboa ngozi upya. Chukua yenye meno ya plastiki. Kama unayo ya chuma, sugua mshumaa mkavu kwenye meno, fungua na kufunga mara kadhaa, kisha futa nta iliyozidi. Zipu pia huwafanya watu waigeuze Biblia kuwa pochi: bahasha za sadaka, risiti, picha za pasipoti, kalamu mbili. Kalamu ikibanwa katikati ya kurasa inavunja mgongo, na kurasa za Zaburi, ambazo ziko karibu na katikati, ndizo zinazoanza kuchomoka.

Ikilowa kwa mvua za masika usiifunge. Isimamishe wima, kurasa zimetawanyika, kivulini penye upepo. Jua kali hukunja karatasi. Kwa kupigia mistari tumia penseli. Wino wa makapeni hupenya karatasi hii nyembamba na kuchafua mistari ya upande wa pili.

Lugha yake ina uzito wake. Maneno kama "lo lote" na "ye yote" yameandikwa kwa kutenganishwa, na msomaji mgeni hujikwaa akisoma kwa sauti. Mazoea ya wiki chache yanatosha.

Sasa matumizi. Biblia hii ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 Jumatatu hadi Jumamosi na 5 Jumapili, unapata 23 kwa wiki na unaimaliza ndani ya mwaka. Wengi hukwama wiki ya tano, kwa sababu Mwanzo na Kutoka zina sura 90, na baada yake ni Mambo ya Walawi, sheria za sadaka kwa sura tatu mfululizo kila siku. Dawa ni kugawa: sura mbili Agano la Kale, moja Agano Jipya. Utepe mmoja unakaa Agano la Kale, na kipande cha karatasi kinakaa Agano Jipya. Anayeanza kabisa aache Agano la Kale kwanza. Agano Jipya lina sura 260, yaani sura moja kwa siku tano za wiki, mwaka mzima, na Jumamosi ya kufidia siku iliyopotea. Aanze na Marko, sura 16 zinazokwenda mbio.

Kusoma kwa mfuatano kunatia nguvu kuliko kuokota mstari. Chukua Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, inayobandikwa kwenye bajaji na kalenda. Itifaki itakufikisha hapo kupitia neno "tumaini", na wengi huishia hapo. Ukirudi mstari mmoja nyuma unakuta miaka sabini. Ukirudi hadi mwanzo wa sura unakuta hii ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji ule ule wa waliowateka. Danieli 9:2 inamwonyesha Danieli akiisoma hesabu hiyo hiyo ya miaka. Kijana wa Tanga anayengoja ajira akisoma hivyo, anapata kitu cha kufanya leo: kulima, kujenga, kuombea mtaa wake wa Ngamiani, wala haahidiwi kwamba jibu litafika Ijumaa. Vivyo hivyo Wakolosai 3:23, kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana: mstari wa 22 unaonyesha kwamba walioandikiwa ni watumwa. Mkata mkonge na mama ntilie wamo humo kabisa.

Mkatoliki asinunue hii bila kuuliza. Union ina vitabu 66; yeye anahitaji 73, kwa hiyo atafute tafsiri ya Habari Njema yenye Deuterokanoni, yaani vile vitabu saba vya ziada. Lugha yake ni nyepesi zaidi, na tunaipendekeza pia kwa watoto.

Dukani, omba ifunguliwe kwenye nailoni. Tazama mgongo kutoka juu: iliyoshonwa inaonyesha mafungu ya karatasi yaliyokunjwa, iliyogundishwa ni bapa na joto la Tanga hulegeza gundi yake. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, kwa sababu kosa la kiwandani huwa ni fungu zima kukosekana au kugeuzwa juu chini. Hakikisha Obadia, Filemoni na Yuda vipo. Kisha ilaze kwa mgongo, shusha majalada yote mawili, ukandamize kurasa chache chache kutoka mbele na nyuma kwa zamu hadi ufike katikati. Mwenye duka akikataa isifunguliwe, nenda duka jingine.