Hilux 2.8 ya dizeli yachoma tairi: giaboksi yaumia wapi?

Asalaam aleikum jamaa zangu, karibuni. Gari mwaiona hapo nyuma: Hilux dabokebi, 2.8 GD-6, otomatiki ya gia sita. Viti, skrini, taa, hayo mwayajua, sitapoteza bando lenu. Leo ni lile swali mnaloliandika chini ya kila video: gari hii ikichomwa tairi, yaani tairi za nyuma zizungushwe pale pale mpaka zitoe moshi, giaboksi yapona?

Kabla sijawasha: tuko Miritini, Mombasa, ndani ya yadi, geti limefungwa. Si barabara ya Dongo Kundu Jumamosi usiku. Barabarani huko ni kesi mahakamani, na mimi sitokuja kukutolea dhamana.

Haya. Gari hii naipenda kwa jambo moja, toki, ile nguvu ya injini ya kuzungusha. Ni Nm (nyutoni-mita) 500, na yaipata mapema, kuanzia mizunguko 1,600 mpaka 2,800 kwa dakika. Huhitaji kupiga kelele kama gari la petroli. Nyuma hakuna mzigo, kwa hivyo tairi za nyuma ni nyepesi, zasubiri kuteleza tu. Nimeiacha kwenye 2H, yaani magurudumu ya nyuma tu ndiyo yasukuma. Ukiiweka 4H, yote manne, juu ya lami kavu, mbele na nyuma zavutana na transfa kesi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo yalipa. Kitufe cha VSC, kompyuta ya kuzuia gari lisiteleze, nimekishikilia sekunde tatu gari likiwa limesimama, taa imewaka, kompyuta haitaingilia. Gia iko S, ya kuchagua mwenyewe.

Sasa acheni kutazama tairi, tazameni sindano ya mizunguko. Mguu wa kushoto kwenye breki, breki kwanza. Mguu wa kulia, mafuta. Sikilizeni... moja, mbili, tatu, nne, tano. Naachia mafuta!

Mumeona nini? Hamna moshi, hamna kelele za tairi, gari halikusonga hata shibiri. Sindano ilipanda ikaganda juu kidogo ya elfu mbili. Na watu wengi wafikiri hapo hakuna kilichotokea. Ndugu yangu, hapo ndipo giaboksi inapoumia. Moshi hauui otomatiki. Kinachoiua ni huo muda wa kabla ya moshi.

Mbona? Kati ya injini na giaboksi kuna toku konvata. Ifikirieni kama feni mbili zimekaa uso kwa uso ndani ya oili. Moja yazungushwa na injini, nyingine imeungana na giaboksi mpaka kwenye magurudumu. Magurudumu yakishikwa na breki, feni ya pili imesimama tuli. Basi kazi yote ya injini yaenda wapi? Yaipika oili.

Tupige hesabu. Chukua toki ya Nm 400 tu, mizunguko 2,200: hiyo ni karibu kilowati 90. Birika la umeme la nyumbani ni kilowati mbili. Umeweka mabirika 45 ndani ya giaboksi! Tuseme oili ni lita kumi. Yapanda nyuzijoto tano hivi kila sekunde, na ile iliyo ndani ya konvata yenyewe yapanda kwa kasi zaidi kwa sababu ni kidogo. Ukianza na 85, sekunde kumi zakupeleka 135. Ndiyo maana vitabu vya karakana vya Toyota, fundi anapopima injini kwa njia hii hii, vyamwambia asizidishe sekunde tano. Na sisi twataka kushikilia nusu dakika ili video ipate watazamaji.

Oili ikipita nyuzi 80, mafundi huhesabu kwamba kila kumi na kidogo za ziada zakata umri wake nusu. Ikifika 120 na zaidi yaanza kuacha utando wa kahawia kwenye valvu. Mpira wa sili wakauka. Kisha klachi za ndani, zile sahani nyembamba, zateleza badala ya kushika, zaungua, na vumbi lake larudi kwenye oili ile ile.

Sasa hili lanikera, na nitalisema hata kama wenye Hilux mutanikasirikia. Gari la bei hii halina geji ya joto la oili ya giaboksi! Lina taa ya onyo, lakini taa yawaka joto likishapanda. Nunueni kifaa cha OBD cha bluututhi, kile kinachosoma kompyuta ya gari, pachika chini ya usukani, simu ikuoneshe namba. Ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili Nyali, wala si hoteli kubwa.

Raundi ya pili. Mtungi wa maji, lita 20, namwaga wote chini ya tairi za nyuma. Breki, mafuta... Haya! Mwaona? Zimeteleza papo hapo. Sindano haikuganda, ilipanda moja kwa moja, na namba ya joto kwenye simu yapanda polepole. Feni mbili sasa zazunguka karibu sawa, joto laenda kwenye tairi. Najua mutaandika “huo ni mvuke, si moshi”. Andikeni, algorithimu yapenda.

Ila maji yana mtego wake. Ukiachia breki na mguu bado uko kwenye mafuta, tairi yazunguka kwa kasi, yatoka kwenye maji, yadaka lami kavu kwa ghafla. Huo mshtuko wapita kwenye vyuma vyote vinavyopeleka nguvu kwenye tairi: hafu shafti, pinioni ya difu, krosi za propela, mpaka giaboksi. Toa mguu kwenye mafuta KABLA gari halijatoka kwenye unyevu.

Na mukisikia nyuma yagonga du-du-du-du, acheni saa hiyo hiyo. Ni lifu springi, zile springi za sahani za nyuma, zajipinda na kujirudisha, ekseli yaruka. Kila pigo ni nyundo kwenye difu. Wengine huweka mifuko ya mchanga nyuma kutuliza huko kuruka. Sawa, yatulia, lakini umeongeza mshiko, tairi zachelewa kuteleza, umerudi kwenye kupika oili. Chagua ugonjwa wako.

Kuna mchezo mwingine: kuweka N, kupandisha mizunguko 3,000, kisha kutupa D. Huo siuonyeshi. Klachi ya kwenda mbele yashikishwa kwa kishindo kilichopita kipimo chake. Ni kama kuivunja kwa makusudi.

Wenye manyuali musicheke. 2.8 ya manyuali Toyota wenyewe wameipunguza toki hadi Nm 420, jiulizeni kwa nini. Kwenu oili haipikwi, yapikwa klachi. Ukiibembeleza nusu nusu, harufu utaisikia wewe na jirani. Ukiiachia ghafla, fulaiwili, lile gurudumu zito la injini, ya vipande viwili yenye springi ndani, ambayo dizeli nyingi za kisasa zinayo, yaanza kugongagonga ukizima injini.

Isuzu D-Max 3.0? Nm 450, na hadithi ni ile ile: breki zikishinda tairi, oili yapikwa. Mutaipata hapa, subirini. Land Cruiser 79 ya 1HZ yenyewe ni Nm 285 bila turbo, hiyo haichomi tairi, yachoma subira. Na tafadhali, yule mwenye chipu ya kuongeza toki aliyetuma ujumbe: hapana. Injini yaweza kuvumilia, giaboksi haikuulizwa.

Ukishamaliza, usizime. Weka N, shikilia mizunguko 1,200 mpaka 1,500 kwa dakika tatu nne. Pampu yazungusha oili kwenye kipoozeo, turbo nayo yapoa. Hapa Mombasa Februari, hewa yenyewe ni nyuzi 32 na gari limesimama, hakuna upepo wa kukusaidia, kwa hivyo ngojeni mpaka simu iseme chini ya 95.

Kesho yake, pima hivi: injini imepata moto, iko sailensa (yanguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), breki imekanyagwa. Toa N weka D, hesabu mpaka uhisi gari limeshika. Kipimo cha Toyota kwa giaboksi zao nyingi ni chini ya sekunde 1.2, na R chini ya 1.5. Ikichelewa, au mizunguko ikiruka juu katikati ya gia, oili itolewe iangaliwe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, badilisha. Hii haina kijiti cha kupimia oili, ujazo wapimwa kwenye bolti ya kumwagikia, oili ikiwa nyuzi 40 hivi. Oili ya otomatiki ya Toyota iitwayo ATF WS peke yake, musichanganye na ile ya T-IV. Na ukimwaga mara moja hutoi yote, nyingine yabaki ndani ya konvata, kwa hivyo rudia baada ya kuendesha.

Bei ya giaboksi ya mtumba siitaji, yapanda na dola. Ijumaa baada ya isha tuko laivu, nitaipasua ya zamani muone hizo sahani zilizoungua.