Uzoefu Wangu: Kuhifadhi Nakala ya Mipangilio ya Miunganisho katika aRDP

Ninatumia aRDP, programu ya kuona na kuendesha kompyuta iliyo mbali, kwenye simu ya Android kuhudumia kompyuta za Windows za ofisi kadhaa zilizo mbali nami. Kati ya yote ambayo programu hii inayafanya vizuri, ninalolithamini zaidi ni uwezo wake wa kutoa mipangilio ya miunganisho yote na kuiweka katika faili moja ambalo ninaweza kulitunza mwenyewe. Programu hii ni kazi ya Iordan Iordanov, imejengwa juu ya FreeRDP, programu huria ya RDP (njia ya Windows ya kuendesha kompyuta kwa mbali), na msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya GPL. Programu mwenzake, bVNC, kwa wanaotumia VNC (njia nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali), inao uwezo huohuo.

Wapo wanaouliza kuna haja gani ya kuhifadhi nakala, ikiwa muunganisho ni anwani na nenosiri tu. Kwa kompyuta iliyo katika mtandao wa ndani na inayotumia poti (namba ya mlango wa mtandao) ya kawaida ya RDP, 3389, wana haki ya kuuliza. Lakini kompyuta ninazozihudumia hazifikiki moja kwa moja kutoka kwenye intaneti, wala hazipaswi kufikika, kwa hiyo kila muunganisho hupita kwanza katika seva ya SSH, yaani kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano kwa njia iliyofungwa kwa siri, yenye anwani yake, poti yake, jina lake la mtumiaji na ufunguo wake. Juu ya hayo kuna ukubwa wa skrini na ubora wa rangi, ambavyo nimevirekebisha kidogo kidogo hadi vikalingana na kasi ya mtandao wa kila ofisi. Kazi ya namna hiyo hairudiwi kwa kukumbuka.

Kabla ya hapo nilitumia programu nyingine, ambayo haikuwa na njia yoyote ya kutoa mipangilio. Simu ilipokufa kioo, niliandika kila kitu upya, na kilichoniumiza zaidi hakikuwa muda uliopotea. Programu inapokutana na seva ya SSH kwa mara ya kwanza hukuonyesha alama ya utambulisho wa seva hiyo na kukuuliza kama unaiamini; ukishakubali, hulinganisha alama hiyo kila unapounganisha, na hivyo mtu aliyejipachika katikati hugundulika. Ukianza upya, maswali hayo yote hurudi kwa mkupuo, na mtu aliyechoka hubonyeza ndiyo bila kusoma. Ndiyo maana sasa alama hizo nimeziandika pia katika daftari, ili nizilinganishe kabla ya kukubali.

Sipendi kutegemea nakala inayofanywa na simu yenyewe. Ni kweli kwamba tangu toleo la 6.0 Android inaweza kuhifadhi data za programu katika akaunti ya Google, hadi megabaiti 25 kwa kila programu, lakini mtengenezaji wa programu anaweza kuizima huduma hiyo. Aidha, funguo zinazotunzwa katika hifadhi salama ya Android haziondoki kwenye simu, kwa hiyo nenosiri lililofungwa kwa ufunguo wa aina hiyo halifunguki kwenye simu mpya hata kama data zote zimerudi.

Faili linalotolewa ni la maandishi, na hili ni jema na ni hatari kwa wakati mmoja. Ni jema kwa sababu ninaweza kulifungua na kuhakikisha kwamba anwani, poti na majina ya watumiaji yamo kweli. Ni hatari kwa sababu yeyote atakayelipata atajua pa kugonga hodi. Kwa hiyo silitumi kwa WhatsApp wala siliachi katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Nalifunga kwa usimbaji kisha nalihamishia kwenye flashi, na manenosiri nayatunza mahali pengine kabisa, katika programu ya kutunzia nywila.

Kila ninapoongeza ofisi au kubadilisha poti, natoa faili jipya siku hiyohiyo na kulipa jina lenye tarehe. Ninapohamia simu nyingine, naliingiza faili, nafungua miunganisho mmoja baada ya mwingine hadi nione skrini ya kila kompyuta, na ni baada ya hapo tu ndipo ninaifuta programu katika simu ya zamani.