Ziwa Chala na vijana 22 kutoka Malindi: gari linafika, lakini uliza linafika wapi

Kwa miezi miwili nilitembea na swali moja: ni wapi kuna ziwa la mlimani ambako gari linafika mpaka kambini? Nasimamia kundi la vijana hapa Malindi, watoto wa Maweni, Barani na Muyeye, wenye miaka 13 hadi 17. Wamekulia baharini. Milima wanaijua kwenye vitabu vya shule, na makorongo ya Nyari kule Marafa tumeshakwenda mara tatu. Mwaka huu waliomba ziwa na mlima kwa pamoja. Nami nilikuwa na sharti langu. Kijana wetu mmoja anatembea kwa magongo, na sikuwa tayari kumwacha nyumbani, wala kumwona akibebwa mgongoni mbele ya wenzake. Gari lazima lifike.

Wa kwanza kunishauri alinitajia Ziwa Ellis, Mlima Kenya, kupitia Chogoria. Ni kweli gari linafika karibu kabisa na maji, lakini ni gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, si basi la kukodi. Isitoshe, ziwa liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyelala jana Malindi ukampandishe huko kwa siku moja, kichwa kitamuuma na atatapika, na usiku baridi yake ni ya barafu. Nilikataa. Wa pili alinisifia Ziwa Paradise lililo ndani ya msitu wa Marsabit, na kwa picha nilizoziona ni pazuri mno, ila kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Fedha za wazazi zingeishia kwenye mafuta.

Ndipo mama mmoja mzaliwa wa Taveta, anayeuza nguo sokoni hapa, akaniambia, "Mwalimu, mbona wazunguka hivyo? Wapeleke Chala."

Chala ni ziwa la kasoko, yaani limekaa ndani ya shimo la volkeno, mashariki ya Kilimanjaro, kaskazini ya mji wa Taveta. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Liko kwenye mita 880 hivi, kwa hiyo baridi yake mtoto wa pwani anaivumilia kwa sweta na blanketi. Nilipiga hesabu ya njia nikaona inawezekana kwa siku moja.

Hapa niseme kosa lililotokea, maana ndilo lililonifanya niandike. Tulitafutiwa kambi na wakala ambaye sitamtaja. Nilimuuliza mara mbili kama gari linafika. Mara zote mbili alinijibu kwamba linafika mpaka majini, na kwamba pana bafu na maji ya bomba. Nikalipa nusu ya pesa. Hakuna gari linalofika majini Chala. Ziwa limezungukwa na kuta za mawe zenye kimo cha mita 100 hivi, na gari linaishia juu, ukingoni. Bafu hatukuliona, bomba pia. Nilipompigia simu alisema alidhani naulizia ukingo. Mtu anayeuza kambi kwa kundi la watoto hana ruhusa ya kudhani. Akuambie gari linasimama wapi, na kutoka hapo hadi hemani ni hatua ngapi, na kutoka hemani hadi chooni ni hatua ngapi. Sasa nauliza hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na nisipojibiwa silipi.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Tuliondoka Malindi saa kumi na moja alfajiri, Ijumaa, kwa basi dogo la kukodi. Hatukupitia Mombasa, baada ya Kilifi tulikata kona Mavueni, tukapita Kaloleni na kutokea Mariakani, njia ya lami inayokuepusha na msongamano wa jiji. Tulifika Voi mapema kiasi cha kuwahi sala ya Ijumaa, na wasioenda msikitini walikula mahamri na mbaazi chini ya mwarobaini. Kutoka Voi ni lami tena kupitia Mwatate na Maktau, halafu barabara inakatiza ndani ya Tsavo Magharibi. Hapo kelele zote zilizimika basini. Ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo walikuwa upande wa kushoto, kumi na moja, nasi tunapita barabara ya umma bila kulipa kiingilio chochote. Mwombe dereva asisimame wala kupiga honi. Njia ya lango la Sala kupitia Tsavo Mashariki inaonekana fupi kwenye ramani, lakini huko unaingia hifadhini na kila kichwa kinalipiwa.

Kabla ya Taveta niliwaonyesha kilima cha Salaita, walikopigana Waingereza na Wajerumani mwezi Februari 1916. Walitazama kidogo wakaniuliza mlima mkubwa uko wapi. Haukuwepo. Mawingu yalikuwa yameufunika wote.

Tuliingia Chala saa kumi na moja jioni. Kutoka Taveta unafuata barabara ya Njukini, halafu unachepuka kwenye njia ya vumbi. Kwa basi letu ilipitika, kwa kuwa ilikuwa Agosti na kukavu. Msimu wa masika nisingethubutu. Basi lilisimama mahali tambarare, na kutoka mlangoni hadi tulipotandika turubai ni hatua 40, nilizihesabu. Kijana wetu alishuka mwenyewe, akatembea mwenyewe hadi ukingoni, akatazama chini. Maji yalikuwa kama rangi ya jiwe la feruzi, yametulia, na hakuna mto unaoonekana ukiingia. Akaniuliza yanatoka wapi. Yanatoka Kilimanjaro, nikamwambia. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya mlima inapenya ardhini na kusafiri chini kwa chini mpaka hapa. Akakaa hapo mpaka giza.

Mzee anayelinda eneo hilo alitupokea vizuri kuliko wakala. "Shikamoo mzee," watoto wote kwa pamoja, naye, "Marahaba wanangu, karibuni. Ila nina neno moja." Neno lake lilikuwa mamba.

Nawaomba viongozi wenzangu mlisome hili kwa makini kuliko yote. Chala si pa kuogelea. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Maji yale yanaita, na watoto wa Malindi ndio wagumu zaidi kuwazuia, kwa sababu wanaogelea tangu wana miaka mitano na hawaamini kwamba maji yaliyotulia namna ile yanaweza kuwa na hatari. Sheria yetu ilikuwa: hakuna mguu unaogusa maji, hata wa kunawa. Waliotaka kushuka walishuka Jumamosi asubuhi kwa makundi ya watu sita, kila kundi na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, wakaishia kwenye mawe yaliyo juu ya maji. Njia ni ya mteremko mkali na changarawe zinateleza. Kushuka ni dakika 20. Kupanda, wengine walichukua karibu saa nzima. Wavae viatu vya kufunga, si ndara.

Nilijua kijana wetu hatashuka, na hilo lilinikera roho tangu nilipogundua uongo wa wakala. Ila Jumamosi alfajiri, wakati wenzake wamelala, yeye aliamka na wale waliokuwa wakiswali. Nilisikia akipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu, njoo!" Mawingu yalikuwa yameondoka. Mlima wote ulikuwa wazi ng'ambo ya ziwa, Kibo na theluji yake upande wa kushoto, Mawenzi na meno yake upande wa kulia, na jua lililotoka nyuma yetu lilianza kuwasha kilele, rangi ya waridi, likashuka polepole. Yeye ndiye aliyewaamsha wenzake, hema moja baada ya jingine. Saa mbili na nusu mawingu yalirudi na hatukuuona tena mpaka jioni. Atakayelala hadi saa tatu ataukosa asubuhi hiyo.

Usiku wa kwanza upepo ulitutesa. Pale juu hakuna kitu cha kuukinga, na udongo ni wa changarawe za volkeno, vigingi havishiki. Mahema mawili ya wasichana yaling'oka saa sita usiku. Tulifunga kamba kwenye mawe makubwa, na usiku wa pili tulilisogeza basi liwe kama ukuta. Hilo lilisaidia kuliko vigingi vyote.

Choo ni cha shimo, kisafi, lakini kipo mbali na njia yake ina mawe. Kwa mtu wa magongo usiku, haifai. Tulitengeneza sehemu ya karibu kwa turubai na ndoo. Maji tulijaza Taveta kwenye jerikeni 12 za lita 20, na tulibakiwa na moja na nusu tu. Mbu wapo, hasa mkikaa chini kuelekea Taveta, na eneo lile lina malaria, kwa hiyo chandarua kwa kila mtoto si anasa. Simu zetu zilikamata mtandao wa Tanzania mara kwa mara. Zimeni data, la sivyo vifurushi vitaisha.

Chakula hakikunipa shida. Nazi tulibeba za kutosha, na Jumamosi ni siku ya soko Taveta (nyingine ni Jumatano), tukanunua mkungu wa ndizi na nyanya kwa bei ambayo Malindi hupati. Tulipikia gesi. Kuni tulinunua kidogo kwa moto wa usiku na hatukukata mti wowote.

Kwenye moto ule niliwaeleza kwamba mwaka 2016 wanasayansi walikuja na mitambo wakatoboa sakafu ya ziwa hili, wakatoa tope lililojikusanya tabaka kwa tabaka kwa zaidi ya miaka 200,000, wakasoma humo miaka ya mvua na miaka ya ukame. Nikawaambia pia kwamba humu mna aina ya perege ambaye asili yake ni ziwa hili peke yake. Maswali hayakuisha. Mmoja, mtoto wa mvuvi, alitaka kujua nani aliwaruhusu watu kuvua samaki asiyepatikana kwingine, na sikuwa na jibu la kumtosha.

Kama una kundi la vijana wa pwani, Chala napapendekeza, kwa Julai hadi Septemba au Januari na Februari, na watu wazima wasiopungua mmoja kwa watoto watano. Kama kundi lako lina watoto wadogo chini ya miaka kumi, usiwapeleke. Ukingo ule hauna uzio. Na msipite kwa wakala. Fikeni Taveta, ulizeni wenyeji wa Chala wenyewe, malipo yabaki kwao. Mzee tumemwachia kazi ya kuusawazisha ule ujia wa chooni, tumemlipa nusu, na tumekubaliana atupigie simu akishaondoa mawe.