Mkanda wa kamera niliojishonea Wete: shilingi 7,500 na miezi 14 ya kazi

Siku hiyo nilikuwa diko la Tumbe, hapa Pemba, asubuhi, mashua zinaingia na mnada wa samaki umeshapamba moto. Nimeinama kumpiga picha mzee anayekung'uta nyavu, nikasikia kitu kimelia "tak" begani. Klipu ya plastiki ya mkanda imepasuka. Kamera niliidaka kwa lenzi, goti moja limo majini. Mkanda ule niliununua shilingi 25,000 kwenye duka moja la mjini Unguja, na haukutimiza miezi mitano.

Nikasema basi, mwengine nitaushona mwenyewe. Sasa umefika miezi 14. Umetoka msimu mzima wa karafuu, harusi nyingi, michezo ya ng'ombe miwili (ile ya kumchokoza fahali uwanjani), na mvua za masika zilizonikuta njiani baina ya Konde na Wete. Naandika kwa wapiga picha wenzangu wa visiwani, maana kamera zetu tunazipata kwa tabu, na kinachozilinda zisianguke mara nyingi ndicho tunachokijali mwisho.

Kamera yangu ni Canon EOS 1200D, iliyotoka 2014. Pamoja na betri na kadi ina gramu 480, na lenzi ya 18-55 inaongeza kama 200. Ukiishika mkononi huoni uzito. Itundike shingoni tangu alfajiri mpaka adhuhuri, juani, ndipo utakapoujua mkanda wako ni wa aina gani.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kamba ya usumba, kwa sababu nyumbani tunayo na kwa nguvu haina mpinzani. Niliijaribu siku moja tu. Ikishakutana na jasho inachoma shingo kama upupu. Halafu kijana mmoja wa gereji akanionyesha mkanda wa kiti aliouchomoa kwenye gari bovu, na hapo nikajua nimepata. Mkanda wa gari una upana wa karibu sentimita 5, umefumwa kubeba zaidi ya tani moja, na kingo zake ni laini, hazikati ngozi. Aliniuzia kipande cha mita moja na nusu kwa shilingi 2,000. Kabla hujalipa, uchunguze wote kwenye mwanga. Sehemu iliyopauka kwa jua au iliyoanza kutoa manyoya iache, hata ukipewa bure.

Kazi ngumu iko kwenye ncha. Tundu la kamera ni jembamba, mkanda mpana haupiti, kwa hiyo kila upande lazima umalizikie kwa mkanda mwembamba wa kama sentimita moja. Nilikwenda na kamera yangu sokoni kwenye mitumba ya mabegi nikawa najaribu mmoja mmoja. Mingi ina sentimita 2, haiingii. Mwisho nikapata begi dogo la mtoto, zipu imekufa, kwa shilingi 2,500. Lilikuwa na mikanda miembamba ya nailoni pamoja na vile vidude vya plastiki vya kurefushia na kufupishia. Nikaling'oa lote.

Nilichukua kipimo kwa kamba ya kawaida. Ining'inize begani ukiwa umeshika kamera, iache ishuke mpaka ubavuni juu kidogo ya nyonga, ndipo ukate. Kwangu ilikuwa sentimita 75 za mkanda wa gari na 45 za mwembamba kila upande. Ukikata nailoni, ncha yake ipitishe kwenye moto wa kiberiti mpaka iyeyuke na kuganda, la sivyo itafumuka siku hiyo hiyo.

Kuunganisha nilimpelekea fundi wa viatu na mikoba, maana cherehani ya nyumbani ilivunja sindano mbili za kawaida. (Baadaye nilijua kwamba sindano namba 18, ya kushonea jinzi, ingeweza, ukizungusha gurudumu kwa mkono.) Nilikuwa nimekwenda na uzi wangu. Akaukata kwa meno, akauvuta, akanirudishia.

"Huu wa pamba, mwanangu. Jasho na chumvi vitaula."

"Sasa nitumie upi, ami?"

"Huu wa nailoni tunaoshonea viatu. Na usishone mstari mmoja wa kukata mkanda katikati. Unautoboa kwa safu, ukivuta unachanika hapo hapo."

Yeye alilaza mkanda mwembamba juu ya ule mpana sentimita 6 nzima, mpana akiwa ameukunja pembe mbili kama bahasha uwe na ncha, kisha akashona mraba, na ndani ya mraba akapiga msalaba. Mara mbili, kwa shazia, kwa mkono. Uzi shilingi 1,000, kazi 2,000. Jumla ndiyo hiyo 7,500, na kama kuna pesa katika hizo iliyofanya kazi kupita zote basi ni hiyo 2,000 ya fundi.

Upande wa kugusa mwili nilitia kanga. Sababu ni kwamba mkanda wa gari unateleza, hasa juu ya kanzu, pamba inashika. Watu wawili walinishauri nijaze sponji ndani iwe laini. Nakataa kabisa kwa hali ya hewa yetu. Sponji inakunywa jasho, haikauki, na baada ya wiki chache za masika inafanya ukungu na harufu inayoingia mpaka kwenye begi la kamera. Kanga tabaka mbili inatosha, na ukiifua usiku, asubuhi imekauka.

Kanga yenyewe ni ya mama, kuukuu, pindo limechanika, na nilimwomba kwanza. Nilipoikunjua nikaona jambo ambalo sikulitegemea: ule mstari wa jina unaingia wote ndani ya upana wa mkanda. Nikaukata pamoja na nafasi ya kukunjia kingo, kwa hiyo sasa ukiugeuza mkanda unasoma "Wema hauozi" kutoka bega hadi bega. Kwenye harusi akina mama wakiliona jina wanacheka, wanalegea, na picha zinatoka nzuri zaidi. Faida hiyo sikuipangia, lakini naihesabu.

Kabla ya kuufunga kwenye kamera niliujaribu. Nilitundika dumu la lita 10 lililojaa maji kwenye tawi la mwembe kwa mkanda ule, usiku kucha. Hizo ni kilo 10 na zaidi, karibu mara 15 ya uzito wa kamera na lenzi. Asubuhi nikautikisa kwa nguvu, nikaangalia mshono kwa miwani ya mama. Hakuna uzi uliosogea. Tafadhali usiliruke jaribio hili.

Kufunga nako kuna namna yake. Ncha nyembamba inapita kwanza kwenye kidude, inaingia tundu la kamera kutoka nje, inarudi kwenye kidude, na mkia wake unabaki upande wa ndani, chini ya mkanda, si juu. Ukiuacha juu unalegea kidogo kidogo kila unapotembea. Acha mkia wa sentimita 5 hivi. Pete za funguo nilizoona wengine wakitumia kuunganishia sizitaki: zinafunguka, na chuma kinakwaruza kamera.

Sasa kasoro, maana zipo. Kanga sikuifua vya kutosha kabla ya kushona, nikadhani kwa kuwa ni kuukuu rangi imeshakwisha. Mvua ilipotunyeshea kwenye mikarafuu ya Mtambwe, wekundu ukashuka kwenye shati langu jeupe na haukutoka. Iroweke na chumvi, ifue mpaka maji yatoke meupe. Mwezi wa tisa kidude kimoja cha plastiki kilifanya ufa kwa jua. Nilikiona kwa sababu kila Ijumaa huwa nakagua ncha zote mbili, nikabadilisha kwa kingine kutoka begi lile lile. Na mkanda huu hauna klipu ya kufungua haraka. Ukitaka kuweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mkanda unaning'inia na kupepea, na siku ya upepo unatikisa picha. Mimi huwa nauzungushia kwenye mguu mmoja.

Niliwahi pia kuazima lenzi kubwa ya kilo moja na nusu kwa mchezo wa ng'ombe. Bega lilistahimili vizuri kuliko nilivyodhani, lakini lenzi niliishika kwa mkono muda wote, kwa sababu uzito wake unavuta pale inapofungiwa kwenye kamera, na hapo mkanda hausaidii kitu.

Utunzaji ni mdogo. Nikitoka pwani nausuuza kwa maji matamu, nauanika kivulini. Shingo yangu, iliyokuwa inatoka vipele kila msimu wa karafuu kwa ule mkanda mgumu uliokuja na kamera, mwaka huu haikutoka hata kimoja, na nilishinda siku sita mfululizo mashambani na kwenye majamvi ya kuanikia.

Binti ya shangazi, anayepiga picha harusi za akina mama kule Chake, ameniomba nimshonee wake, mfupi zaidi, wa kupita mkononi tu. Kipande cha mkanda wa gari kilichobaki kinamtosha. Kanga kaleta mwenyewe, na tangu jana imo ndani ya beseni la maji ya chumvi.